Fundi wa Kuta

Kama umefika nyumbani sasa hivi, vua viatu, ukae. Kama bado uko kwenye matatu pale Jogoo Road na magari hayasongi, basi mimi na wewe tuna muda wa kutosha.

Jumapili iliyopita nilikuwa Jericho. Nasema Jericho hii yetu ya Eastlands, si ile ya kwenye Biblia, ingawa waliotugawia majina walikuwa na Biblia mkononi, maana jirani yetu wa karibu ni Jerusalem. Nilikaa chini ya mti karibu na soko, wazee wakicheza drafti kwa vifuniko vya soda. Nyuma ya benchi alisimama kijana mmoja akitazama. Ana diploma ya uhandisi wa ujenzi, na huu ni mwaka wa tatu anabeba mawe kwenye mjengo, analipwa jioni kwa jioni. Mzee mmoja akamuuliza mbona hatafuti kazi aliyoisomea. Kijana akajibu bila hasira, kama mtu anayetaja bei ya sukari: "Mzee wangu, hii Nairobi lazima ujue mtu. Usipojua mtu utazeeka na makaratasi yako."

Hakuna aliyembishia. Mzee alikula kete mbili za mwenzake, mchezo ukaendelea. Mimi nami nilinyamaza, kwa sababu sikuwa na jibu la haraka. Lakini nikiwa njiani kurudi nilimkumbuka bwana mmoja ambaye hakuna Mkenya aliyewahi kujua mtu kama yeye alivyojua. "Mtu" wake alikuwa Tsar wa Urusi mwenyewe. Na bwana huyo alikuwa Mwafrika, tena huenda alitoka huku huku kwetu, upande wa pembe ya mashariki.

Jina lake Abram Petrovich Hannibal. Alizaliwa takribani mwaka 1696, akafa mwaka 1781, na katika miaka hiyo themanini na tano alikuwa mtoto mateka, mtumishi wa chumbani mwa mfalme, mwanafunzi, askari, mfungwa wa uhamishoni, mwalimu wa hesabu, kamanda wa mji, jenerali kamili wa jeshi la Urusi, na mwenye mashamba. Leo nataka tumfuate hatua kwa hatua, tuone yule mtu wake alimfaa wapi na alimwacha wapi.

Tuanze alikotoka, kwa maana hapo pana ugomvi. Mwaka 1742, alipoomba rasmi kutambuliwa kuwa mtu wa ukoo bora, Hannibal aliandika kwamba alizaliwa katika milki ya baba yake, kwenye mji uitwao Lagon, na kwamba baba yake alitawala pia miji mingine miwili. Mji huo uko wapi? Mwishoni mwa karne ya 19 msomi wa Kirusi, Dmitry Anuchin, alisema ni Logon, katika nyanda za juu za Eritrea ya leo, na kwa miaka mingi dunia ilimwita Hannibal Mhabeshi. Kisha katika miaka ya 1990 mwanahistoria kutoka Benin, Dieudonné Gnammankou, akaleta hoja kwamba ni Logone-Birni, kaskazini mwa Cameroon, karibu na Ziwa Chad. Eritrea haikukubali kunyang'anywa mtoto. Mwaka 2009 jijini Asmara ilisimamishwa sanamu ya kitukuu wake. Kitukuu huyo tutamfikia.

Familia yake ilihifadhi hadithi nyingine. Kwamba siku alipochukuliwa, dada yake aliyempenda sana aliogelea akiifuata merikebu, akaogelea mpaka nguvu zikamwishia. Hiyo ni kumbukumbu ya nyumbani, iliyoandikwa na mkwe baada ya mzee kufa. Lakini fikiria, msikilizaji. Mtu ameishi Urusi zaidi ya miaka sabini na ana nishani kifuani. Wajukuu wakimwuliza habari za kwao, anachowapa ni jina la mji na dada ndani ya maji.

Mtoto huyo alipelekwa Istanbul, kwenye jumba la Sultani wa Uturuki, mahali ambapo watoto wa nchi nyingi waliwekwa kama mateka na watumwa. Hakukaa sana. Balozi wa Urusi, Pyotr Tolstoy, alitakiwa kumpelekea bwana wake vijana wachache wa Kiafrika wenye akili. Mfanyabiashara mmoja, Sava Raguzinsky, akafanya mpango, na mwaka 1704 mtoto akafikishwa Moscow. Kwa maneno mafupi, alitolewa utumwani kwa njia ya magendo ili awe zawadi. Sina haja ya kulipamba jambo hilo.

Aliyepokea zawadi alikuwa Peter wa Kwanza, yule Tsar mrefu kupita milango ya nyumba yake, aliyejifunza useremala wa meli kwa mikono yake mwenyewe huko Uholanzi. Mwaka 1705, katika kanisa dogo mjini Vilnius, mtoto alibatizwa, na msimamizi wake wa ubatizo alikuwa Tsar. Ndiyo, baba wa ubatizo. Jina la pili, Petrovich, maana yake mwana wa Peter. Walitaka hata jina la kwanza liwe Peter. Inasimuliwa kwamba mtoto alilia, akakataa kuacha jina lake la Ibrahim, ndipo wakakubaliana na Abram. Hilo ndilo pambano lake la kwanza katika nchi ya ugeni, na alishinda nusu.

Kwa miaka kumi na zaidi Abram aliishi miguuni pa Tsar. Alilala karibu na chumba chake, akatunza karatasi zake, akafuatana naye vitani. Sasa, hapa Kenya mtu wa aina hiyo tunamjua. Ni yule anayembebea mkubwa simu na kumfungulia mlango wa gari, na wenye shida zao humsalimia kwa heshima kuliko wanavyomsalimia waziri. Wengi wa namna hiyo hutosheka. Wanajenga nyumba kijijini, wanaoa mke wa pili, na mkubwa akiondoka nao wanafifia.

Abram alifanya jambo tofauti. Peter alipozuru Paris mwaka 1717 alikuwa naye, na msafara uliporudi yeye alibaki Ufaransa kusoma. Alijiunga na jeshi la Wafaransa, akapigana dhidi ya Uhispania, akajeruhiwa kichwani. Mwaka 1720 akaingia chuo cha mizinga kilichokuwa katika mji wa La Fère, akasomea hesabu na ujenzi wa ngome. Maisha yenyewe yalikuwa ya mwanafunzi yeyote aliye mbali na kwao. Barua alizotuma Urusi zimejaa madeni. Ufaransa wakati ule ilikuwa imeingiza pesa za karatasi, thamani yake ikaporomoka, na wale Warusi vijana wakabaki na noti zisizonunua mkate. Alipoitwa arudi nyumbani, aliomba sana asipitishwe baharini, apewe njia ya nchi kavu. Pengine mtu aliyetolewa kwao kwa merikebu haihitaji safari ya pili.

Nataka uielewe elimu hiyo aliyoifuata, kwa sababu ndiyo shina la mazungumzo haya. Huna haja ya kwenda Ufaransa. Panda treni uende Mombasa, usimame chini ya Fort Jesus. Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, na aliyeichora ni Mwitaliano, Giovanni Battista Cairati. Tazama pembe zake zinavyotokeza nje kama mabega. Hazikuwekwa kwa urembo. Askari aliye kwenye pembe moja anaweza kupiga risasi sambamba na ukuta mpaka pembe ya pili, kiasi kwamba adui akifika chini ya ukuta hapati hata mahali pa kubana mgongo. Kila pembe, kila urefu, kila mteremko wa ukuta umepigiwa hesabu. Wahenga wetu walisema ukiona vyaelea vimeundwa, na ukiona ukuta umesimama miaka mia nne, nao umepigiwa hesabu.

Na sikia hili. Mwezi Machi 1696, mwaka uleule tunaoukadiria kuwa wa kuzaliwa kwa Abram, Waomani waliizingira Fort Jesus. Hawakuingia hadi Desemba 1698. Ni karibu miaka mitatu. Njaa na maradhi ndiyo yaliyowamaliza waliokuwa ndani. Mawe yenyewe yalibaki yamesimama. Wafalme wa dunia nzima walikuwa wanajifunza somo hilohilo wakati ule, kwamba mwenye fundi wa kuta ana nchi, na asiye naye anakaa roho juu. Ndiyo kazi aliyoichagua mtoto wa Lagon.

Alirejea Urusi mwaka 1723 na maktaba ya vitabu mia nne hivi, cheo cha luteni katika kikosi cha mizinga cha walinzi wa Tsar, na kazi ya kufundisha maofisa vijana hesabu na uhandisi. Miaka miwili tu baadaye, mwanzoni mwa 1725, Peter akafa.

Hapa ndipo ninapotaka yule kijana wangu wa Jericho ategee sikio. Mtu wake amekufa. Sasa itakuwaje?

Mjane wa Peter, Catherine wa Kwanza, akakalia kiti, lakini aliyeshika usukani alikuwa Alexander Menshikov. Menshikov naye hakuzaliwa mkubwa. Habari za mjini zilisema utotoni aliuza maandazi barabarani mjini Moscow. Abram aliona upepo umegeuka. Mwaka 1726 alimkabidhi malkia kitabu alichokiandika mwenyewe, juzuu mbili za jometri na ujenzi wa ngome. Ilikuwa kama kusema, bwana wangu hayupo, lakini kazi yangu hii hapa. Haikutosha. Alikuwa anamfundisha hesabu mjukuu wa Peter, mrithi wa kiti, na Menshikov hakutaka mtu mwenye akili akae karibu na sikio la mtoto yule. Mwaka 1727, malkia alipofariki, Abram akapewa amri ya kwenda Kazan, kisha Tobolsk, kisha mbele zaidi, hadi Selenginsk, mpakani na Uchina. Hiyo ni Siberia, msikilizaji. Ukitaka kuipima, chukua umbali wa Nairobi hadi Cape Town, kisha endelea kutembea.

Kazi aliyopewa ilikuwa ya kupanga ngome. Hata waliomfukuza hawakuweza kujizuia kumtumia.

Na Menshikov? Hakumaliza mwaka huohuo wa 1727. Wakubwa wenzake wakampindua, wakamnyang'anya mali, wakamtupa Berezov, Siberia vilevile, na huko akafa mwaka 1729. Waliompindua, akina Dolgorukov, nao wakaanguka mwaka uliofuata na kupelekwa Berezov hiyohiyo. Ukiwatazama watu hawa ni kama foleni ya kituo cha matatu, kila mmoja anamsukuma wa mbele yake apande gari ambalo yeye mwenyewe atalipanda kesho. Wote walijua watu. Kila mmoja wao alikuwa mtu wa mtu.

Abram alirudi. Menshikov hakurudi. Kwa nini?

Aliyemrudisha ni Jenerali Münnich, Mjerumani aliyekuwa mkuu wa wahandisi wa jeshi. Münnich hakuwa ndugu yake wala hakuwa baba yake wa ubatizo. Alikuwa na upungufu wa wahandisi. Kwa hiyo mwaka 1731 Abram akaonekana Pärnu, mji wa bandari ulio Estonia ya leo, akiwa kapteni wa uhandisi, akiwafundisha makuruti hesabu, uchoraji na ngome. Ni katika miaka hiyo ya baada ya Siberia alipoanza kujiita Hannibal, jina la yule jemadari wa Carthage, Mwafrika aliyeitetemesha Roma. Jina Petrovich alipewa na Tsar. Hili la Hannibal alijichukulia mwenyewe.

Sitaki umwone malaika. Pale Pärnu kuna sura ya maisha yake ambayo ingeniwia rahisi kuiruka, na nikiiruka nitakuwa nimekudanganya. Mwaka 1731 alimwoa Evdokia Dioper, binti wa nahodha Mgiriki. Msichana hakutaka ndoa hiyo, baba yake ndiye aliyeamua. Baadaye Evdokia akazaa mtoto mweupe. Hannibal alimshitaki kwa uzinzi na kwa njama ya kumpa sumu, na mwanamke yule akakaa kifungoni miaka mingi. Kabla ya talaka, mwaka 1736, Hannibal akaoa mke wa pili, Christina von Schöberg, binti wa ofisa. Kesi ya talaka ilikwisha mwaka 1753, na Evdokia akamalizia siku zake katika nyumba ya watawa. Mtu aliyechukuliwa kwao bila kuulizwa alimwoa msichana bila kumwuliza. Fundi wa kuta alijenga nyingine kumzunguka mke wake, na hesabu zake zilikuwa sahihi, maana hakutoka.

Turudi kwenye kazi. Mwaka 1741 mapinduzi yalimpandisha Elizabeth, binti wa Peter, kwenye kiti cha baba yake. Wanasimulia kwamba Hannibal alimtumia ujumbe mfupi uliofanana na ombi la yule mwizi msalabani, kwamba akumbukwe katika ufalme. Iwe ni kweli au ni chumvi ya wasimulizi, alikumbukwa. Mwaka 1742 alipandishwa kuwa meja jenerali na kamanda mkuu wa Reval, mji ambao leo ni Tallinn, mji mkuu wa Estonia. Akapewa pia mashamba katika mkoa wa Pskov, pamoja na kijiji cha Mikhailovskoye, na watwana kwa mamia.

Ngoja niseme watwana ni nani. Ni wakulima waliofungwa na ardhi ya bwana. Shamba likiuzwa, nao wameuzwa. Hawahami, hawaoi bila ruhusa. Mtoto wa soko la watumwa sasa ni mwenye watu. Je, alikumbuka? Mara moja tunajua alikumbuka. Mwaka 1743 alimkodisha Mjerumani mmoja sehemu ya kijiji chake karibu na Reval, na ndani ya mkataba akaweka sharti kwamba wakulima wasipigwe viboko na wasiongezewe kazi za bwana kupita zilizowekwa. Mpangaji hakulishika sharti hilo. Mwaka uliofuata Hannibal akauvunja mkataba. Katika nchi ile, enzi ile, mwenye shamba aliyeandika sharti kama hilo alikuwa kama mwenye nyumba wa Nairobi anayeandika kwenye mkataba kwamba kodi isipande. Lakini watwana wenyewe hakuwaacha huru. Alikwenda hadi hapo, akasimama.

Reval alikaa miaka kumi. Si kazi ya starehe. Maofisa wa Kijerumani waliokuwa na majina ya vizazi kumi nyuma yao hawakufurahia kupokea amri kutoka kwake, na barua za malalamiko zilikwenda St. Petersburg kutoka pande zote mbili. Mwaka 1752 akahamishiwa makao makuu ya wahandisi. Ngome zikapita mikononi mwake, mifereji ya Ladoga, kazi za bandari ya Kronstadt. Mwaka 1759 akafika cheo cha jenerali kamili, na mwaka uliofuata akavishwa nishani ya Alexander Nevsky. Alichagua ngao ya ukoo yenye picha ya tembo. Hebu fikiria tembo huyo amesimama katika theluji ya Urusi.

Kisha mwaka 1762 Elizabeth akafa, mtawala mwingine akaingia, na mzee akaondolewa kazini kwa barua. Hakukuwa na sherehe. Safari hii hakuitwa tena, kwa sababu uzee hauna mhandisi. Alikwenda kukaa kwenye shamba lake la Suida, kusini mwa St. Petersburg, na hapo akafa mwezi Mei 1781.

Redioni hatuna picha, unanisikia sauti tu. Kwa Hannibal hasara si kubwa, maana hata majumba ya kumbukumbu hayana picha yake ya uhakika. Kwa muda mrefu ilitundikwa picha ya mafuta ya jenerali mweusi mweusi mwenye nishani, watu wakasimama mbele yake wakistaajabu. Wataalamu walipoichunguza wakasema huyo ni jenerali mwingine, Möller-Zakomelsky. Kwa hiyo sura yake imepotea. Kilichobaki ni kazi na damu.

Damu yenyewe si haba. Mtoto wake wa kwanza wa kiume, Ivan, alikuwa ofisa wa mizinga ya majini aliyepigana Navarino mwaka 1770, na mwaka 1778 alikabidhiwa ujenzi wa mji mpya kusini, mji wa Kherson, huohuo unaousikia kwenye habari za vita vya Ukraine. Mwana mwingine, Osip, alizaa binti, Nadezhda. Nadezhda akamzaa Alexander Pushkin mwaka 1799. Huyo ndiye kitukuu mwenye sanamu Asmara, na Warusi wakikutajia mshairi mmoja tu, watakutajia yeye. Pushkin hakuuficha Uafrika wake. Mwaka 1827 alianza riwaya juu ya babu mkuu huyo, hakuimaliza. Na kabla ya hapo, Tsar wa wakati wake alipochukia maandishi yake, alimfukuza mjini akamweka kizuizini shambani. Shamba gani? Mikhailovskoye, lilelile la mzee Hannibal. Kitukuu akatumikia uhamisho kwenye zawadi ya babu.

Sasa, msikilizaji, kutoka St. Petersburg turudi Jericho. Haiko mbali kama unavyodhani. Vuka tu uingie mtaa wa jirani unaoitwa Lumumba, jina ambalo chuo kikuu kimoja cha Moscow kilipewa mwaka 1961. Wakati mitaa hii inajengwa, Jaramogi Oginga Odinga alikuwa anapeleka vijana wa Kenya kusoma Urusi na nchi rafiki zake, wengine wakarudi madaktari, wengine wahandisi. Na mwaka 2025 tulisikia habari nyingine, za vijana wetu walioahidiwa kazi nzuri Urusi wakajikuta wamevaa magwanda mbele ya mizinga. Njia hiyo ya kaskazini imewahi kuwapitisha watu wetu kwa namna zote, kama zawadi, kama wanafunzi, na kama kuni za vita.

Niseme basi nililokuwa nalitafuta chini ya ule mti. Kijana wangu ana haki. Lazima ujue mtu. Nisingependa kukudanganya kwa hadithi tamu ya elimu inayoshinda yote. Bila Peter, mtoto wa Lagon angezeekea Istanbul, na pale jumbani walikuwako watoto wengine wenye akili kama yake, hatuna hata majina yao. Bila Elizabeth, hakuna ujenerali. Mlango hufunguliwa na mtu, hilo liko wazi kama jua la Januari.

Lakini angalia anayefunguliwa mlango anaingia na nini. Menshikov aliingia na Peter na mjane wake tu, na wote wawili walipozikwa, cheo kikazikwa. Abram aliingia na jometri. Mtu wake alipokufa walimtupa mbali kadiri nchi ilivyoruhusu, na bado walilazimika kumpa ngome aichore. Münnich hakumtafuta kwa mapenzi, alimtafuta kwa shida. Mtegemea cha nduguye hufa maskini, walisema wazee. Hawakusema usiwe na ndugu. Walisema usimtegemee peke yake.

Kwa hiyo wewe unayebeba mawe kwenye mjengo, nakuomba jambo moja. Usiache kupiga hesabu. Unapopandisha jiwe, mwulize fundi kwa nini nguzo ile imewekwa pale. Kwa miaka sasa kuna mipango ya kubomoa nyumba hizi kuukuu za Eastlands, Jericho ikiwamo, na kupandisha maghorofa. Wapangaji wana hofu, na wana sababu. Ile Jericho ya Biblia kuta zake ziliangushwa kwa tarumbeta, na hakuna mahali panaposema tarumbeta zilipandisha ukuta hata mmoja. Wapiga tarumbeta tunao tele, kila uchaguzi. Kuta zikianguka atahitajika mtu anayejua zinavyosimama, na ningependa awe aliyezaliwa humo.

Na wewe mwenye ofisi, unayenisikiliza ndani ya gari lako huku madirisha yamepandishwa. Wewe ndiye "mtu" anayetafutwa. Peter aliushika mkono wa mtoto asiye na ukoo, asiye na kabila mjini, asiye na kura. Alifanya hivyo kwa faida yake, sikatai. Lakini nchi yake ilipata ngome, mifereji, mji wa Kherson na mshairi wake mkubwa kutokana na mkono huo mmoja. Kesho asubuhi utapokea bahasha za maombi ya kazi. Kabla ya kuuliza huyu ni wa nani, uliza huyu anajua nini.

Jumapili nitarudi pale sokoni. Nina jibu la kumpelekea kijana, ingawa limechelewa wiki nzima. Namjua, atalisikiliza lote, halafu ataniuliza: na wale watoto wengine wa pale Istanbul, je, wao hawakujua hesabu? Hilo bado sijalipatia jibu. Ukiwa nalo, pitia Jericho, chini ya mti, utatukuta tunacheza drafti.